Ndani ya Nini?

Mwalimu Neema, aliyerithi darasa langu la saba hapa Bagamoyo, ameniomba niwaandikie ninyi walimu vijana mambo niliyojifunza kazini. Nadhani alitarajia mawaidha. Mawaidha siyaamini sana: yanapokufikia yamekwisha kupita midomo mingi, na hakuna hata mmoja uliobaki wa kujibu maswali. Kwa hiyo nitaandika niliyoyaona kwa macho yangu, pamoja na kosa moja nililolifanya kwa mkono wangu. Vyeo na mishahara vimo katika jalada langu. Anayevitaka akaombe ruhusa ya kulisoma.

Nilipangiwa Kiwangwa nikiwa na umri wa miaka ishirini na mitatu. Nilitoka Njombe, mtoto wa katekista, nikiwa na sanduku la bati na sweta ambalo sikulivaa tena maishani. Lori lililonitoa Bagamoyo lilikuwa linakwenda kupakia mananasi, nami niliketi nyuma juu ya matenga matupu. Shule ilikuwa na madarasa manne, na mawili kati ya hayo yalikuwa na milango. Siku yangu ya kwanza nilitoa imla, kwa sababu niliamini kwamba mtoto anayeandika kile hasa anachosomewa ni mtoto aliyeelimika. Niliwasomea sentensi kumi. Katikati ya sentensi ya saba nilikohoa, na nilipokusanya kazi nikakuta mtoto mmoja amejitahidi kukiandika kikohozi. Nilimpa alama kamili kwa utiifu. Leo ningemwita mbele nimuulize kwa nini.

Aliyenifundisha kazi hasa ni Mwalimu Kibwana, Mkwere wa hapo hapo, mtu mfupi mwenye kofia ya kiua, aliyekuwa ameanza kufundisha wakati mimi bado nabebwa mgongoni. Alinionyesha kwamba chaki mpya huvunjwa vipande viwili kabla ya kutumiwa, la sivyo itapiga kelele ubaoni na darasa zima litashika meno. Alinionyesha kusimama nyuma ya darasa badala ya mbele, kwa kuwa nyuma ndiko wanakokaa wasioelewa. Aliponikabidhi kalamu nyekundu ya shule, iliyokuwa moja tu, alisema, "Mwalimu Mgaya, hii inauma. Usiiguse mpaka umesoma mara mbili." Nilimshukuru, na onyo lake nikalichukulia kama utani wa wazee.

Nilikuwa na msimamo mmoja, na watoto waliujua kabla ya wiki kwisha. Sikutaka kusikia neno "wanasema". Mtoto akiniambia, "Mwalimu, wanasema kesho hakuna shule," mimi huuliza, "Nani kasema?" Asipokuwa na jina la kunipa, anaketi. Swali hilo likageuka mchezo wao. Siku moja nilichungulia dirishani nikasema mvua itanyesha, nao wakaitikia kwa pamoja, "Nani kasema?" Nikalazimika kuketi.

Aliyekuwa hodari kuliko wote katika mchezo huo ni Zuhura, msichana wa darasa la saba aliyelelewa na bibi yake. Alikaa dawati la pili, akiandika herufi ndogo zilizonyooka kama mstari wa siafu. Siku moja tulikuwa tukisoma kitabu cha kiada habari za wakulima, naye akanyoosha mkono.

"Mwalimu, wakulima wa humu mbona hawana mananasi?"

"Kitabu hakikuandikiwa Kiwangwa peke yake."

"Basi nani kasema mkulima ni huyu?"

Darasa likacheka. Nikamwambia maneno ninayoyakumbuka kwa aibu: "Zuhura, anayesema huulizwa. Kilichoandikwa hakiulizwi." Hiyo ndiyo iliyokuwa imani yangu. Niliogopa uvumi, nikaikimbilia karatasi kama mtu anayekimbilia barazani mvua ikimnyeshea, bila kuangalia kama paa lenyewe ni zima.

Katika mwaka wangu wa pili, muhula wa mitihani ukiwa unakaribia, Zuhura hakuonekana shuleni. Siku ya tatu niliuliza darasa, "Zuhura yuko wapi?"

"Yupo ndani, Mwalimu!" walijibu wavulana, na wasichana wakainamia madawati wakiziba vinywa.

Kwa ufahamu wangu wa wakati ule, mtu aliye ndani alikuwa ama amefungwa na polisi, ama amekaa tu nyumbani kwake. Polisi hawakuwa na haja na Zuhura. Nikaamua kwamba amekaa nyumbani, na kwamba kicheko kile kilinihusu mimi. Jioni hiyo mwenye duka aliniambia kwamba binti huyo ameozwa. Nikamuuliza, "Nani kasema?" Hakuwa na jina. Nikaondoka pale nikijiona mtu makini kuliko wote walioketi barazani. Asubuhi nikafungua daftari la mahudhurio, na mbele ya jina lake, kwa mwandiko mzuri, nikaandika: mtoro. Niliukataa uvumi wa dukani, nikaandika uvumi wangu mwenyewe.

Niliendelea kuandika neno hilo kila siku. Katika wiki ya pili rafiki yake Asha aliniletea karatasi iliyokunjwa mara nne. Nilitambua mwandiko kabla sijaikunjua.

"Shikamoo Mwalimu. Mimi nipo ndani. Nitatoka kabla ya mtihani. Naomba unipe kazi za Hisabati na Kiswahili, Asha ataniletea. Mimi mwanafunzi wako Zuhura."

Sasa nisikilizeni vizuri, maana nawasimulia nilichokifanya hasa, na si kile ambacho ningependa niwe nimekifanya. Nilitoa kalamu nyekundu. Baada ya neno "Shikamoo" niliweka alama ya mkato, kwa sababu haikuwapo. Chini ya neno "ndani" nilipiga mstari, na pembeni nikaandika: "Ndani ya nini? Sentensi haijakamilika." Nikaikunja ile barua, nikamrudishia Asha. Aliipokea kwa mikono miwili, akabaki amesimama akinitazama.

"Hakuna kazi, Mwalimu?"

"Aje azichukue mwenyewe. Shule haihamii nyumbani kwa mtu."

Sikuisoma mara mbili.

Wiki kadhaa baadaye Mwalimu Mkuu alikusanya madaftari yetu ili aandae orodha ya watahiniwa wa kupelekwa Bagamoyo. Utaratibu aliotueleza ulikuwa mfupi: aliyeandikwa mtoro kwa muda mrefu hasajiliwi. Alipiga mstari juu ya jina la Zuhura kwa rula. Nilikuwa chumbani humo, nikimshikia daftari.

Jumamosi iliyofuata, mchana, ngoma zilisikika upande wa pili wa mashamba. Mwalimu Kibwana alipita nyumbani kwangu amevaa kanzu. "Vaa viatu," akasema. "Twende ukamwone mwanafunzi wako anatoka ndani."

Tulikuta uwanja umejaa wanawake. Katikati yao, juu ya mabega ya shangazi yake, alibebwa msichana aliyefunikwa kanga mpya, ameinamisha uso kwa adabu, huku wakimwimbia na kumpepea. Kanga ilipofunuliwa kidogo, nilimwona Zuhura. Kibwana alinieleza palepale, akipaza sauti juu ya ngoma, jambo ambalo kila mtu Kiwangwa alilijua isipokuwa mimi: kwamba kwao msichana anapokua huwekwa ndani, akawa mwali, na mama mtu mzima anayeitwa somo akamfunda mambo ya utu uzima, kwamba haruhusiwi kuonekana na watu mpaka siku ya kutolewa, na kwamba neno "ndani" linatosha lenyewe, kwa sababu kulifafanua mbele ya mwanamume, tena mwalimu, si adabu.

"Mimi nilidhani..." nikaanza.

"Nani kasema?" akauliza Kibwana, bila kutabasamu.

Mnaweza kujadiliana, na mnapaswa kujadiliana, kama desturi ile inafaa kumkuta mtoto aliye karibu na mtihani. Kibwana mwenyewe aliijadili na wazee wake kwa miaka mingi, na nilimshuhudia. Lakini hilo silo ninalolieleza hapa. Msichana yule aliniandikia barua akaniambia yuko wapi na anahitaji nini. Mtu pekee aliyeshindwa kusoma alikuwa mwalimu wake wa Kiswahili.

Jumatatu Zuhura alikuja shuleni pamoja na bibi yake, Bi. Mwanahawa. Tuliitwa ofisini. Niliamkia, "Shikamoo, Bibi." Akaitika, "Marahaba, mwanangu," kwa sauti ya mtu anayeahirisha ugomvi. Mwalimu Mkuu alieleza kwamba orodha imekwisha kuandikwa, na kwamba hakuna mtu aliyemchukia binti. "Si mimi, Bibi. Ni daftari lililosema."

Zuhura alikuwa amesimama kando ya mlango. Akasema polepole, "Naomba nilisome, Mwalimu."

Hakuna mwanafunzi aliyewahi kulisoma daftari la mahudhurio. Mwalimu Mkuu alinitazama, nami sikuona kifungu chochote kinachokataza. Nikalifungua mezani. Alipitisha kidole kwenye mstari wake akisoma kwa sauti, kisanduku baada ya kisanduku: "Mtoro. Mtoro. Mtoro. Mtoro." Alisoma siku zote, bila kuruka hata moja. Kisha akainua uso.

"Nani kaandika?"

Kwa miaka miwili nilikuwa nimemfundisha nusu ya swali, na nusu nyingine nikamkataza. Siku ile aliziunganisha mwenyewe.

"Mimi," nikajibu.

Bi. Mwanahawa alifungua pindo la kanga yake, akatoa ile barua, akaiweka juu ya daftari. Wino wangu mwekundu ulionekana mwingi kuliko nilivyoukumbuka. "Mie sijui kusoma," akasema. "Lakini huyu amenisomea. Ati mtoto anaomba kazi, wewe unamwambia hajamaliza kusema. Mtoro gani huyo anayeomba Hisabati? Njoo nyumbani kwangu, mwanangu, uone. Ukuta wote kaugeuza ubao. Anaandika kwa mkaa, nafuta, anaandika tena. Nimechoka kufuta."

Baadaye nilikwenda. Hesabu za sehemu zilikuwa zimeanzia mlangoni hadi kwenye mtungi wa maji. Niliona kosa moja tu.

Mwalimu Mkuu hakuwa mtu mgumu. Alisema wino wa daftari haufutiki, lakini fomu zitapelekwa Bagamoyo kesho, na iwapo mwalimu wa darasa ataandika maelezo na kuyapeleka mwenyewe, huenda yakasikilizwa. Yasiposikilizwa, elimu ya Zuhura ingeishia hapo, kwa sababu bibi yake alikwisha kumwambia wazi kwamba mwaka mwingine wa kusubiri hatakuwa na nguvu za kuubeba.

Nikaketi mchana ule katika darasa tupu, nikaandika. Nilikuwa mwandishi mzuri wa barua za kiofisi. Nilipomaliza nilinyanyuka, na Zuhura alikuwa bado ameketi kwenye dawati lake la pili.

"Mwalimu, naomba niisome."

"Hii ni barua ya ofisi, Zuhura."

"Inamhusu nani?"

Nikampa. Aliisoma mara mbili. Niliona macho yake yakirudi juu. Kisha akaweka kidole katikati ya ukurasa.

"Hapa umeandika, 'Mwanafunzi alizuiliwa na mila, na taarifa hazikupatikana.' Mwalimu, mimi sikuzuiliwa kuandika. Taarifa niliituma."

"Ni lugha ya kiofisi tu."

"Hazikupatikana," akarudia. Akatafuta ujasiri, akaupata. "Mwalimu, sentensi haijakamilika. Nani hakuzipata?"

Nimekaa katika semina nyingi baada ya siku ile. Nimewasikiliza wataalamu wakieleza kwa nini mtoto afundishwe kuhoji maandishi, na jinsi kufanya hivyo kunavyompa nguvu ya kusimamia maisha yake. Waliyoyasema yalikuwa sahihi. Lakini mimi nilikwisha kufundishwa somo hilo mchana mmoja, na mtoto wa miaka kumi na minne, kwa kutumia maneno yangu mwenyewe. Sentensi isiyo na mtendaji ni maficho. Nilikuwa nimejificha humo, naye alinikuta.

Nikaichana barua ile. Ya pili ilikuwa fupi: "Mwanafunzi alimwandikia mwalimu wa darasa kueleza alipo na kuomba kazi. Mwalimu wa darasa hakuelewa, na hakuuliza. Aliandika neno mtoro bila kuwa na ushahidi. Kosa ni langu." Zuhura aliisoma, akaafiki kwa kichwa. Kisha akanionyesha mahali nilipokosea kuweka mkato.

Kesho yake nilipanda lori la mananasi, safari hii matenga yakiwa yamejaa, nikafika Bagamoyo suruali ikinata. Karani wa ofisi ya elimu aliisoma barua amesimama, kisha akaketi akaisoma tena. "Mwalimu," akasema, "barua za namna hii hatuzipati. Wenzako huandika 'kutokana na sababu zisizozuilika'."

"Hii ingezuilika," nikajibu.

Alimwita mkubwa wake, wakazungumza nyuma ya mlango kwa muda ulioniwezesha kuhesabu vigae vyote vya dari. Alirudi na fomu, akaliandika jina la Zuhura kwa mkono juu ya jina la kwanza katika orodha, nje ya mpangilio wa alfabeti. Sijawahi kuona orodha iliyokosa mpangilio ikapendeza namna ile. Zuhura alifanya mtihani, akafaulu, akaendelea na masomo.

Kuanzia muhula uliofuata, Ijumaa kipindi cha mwisho kikawa cha karatasi. Kila mtoto alikuja na chochote chenye maandishi: boksi la dawa, ganda la sabuni, tangazo la kijiji, kanga ya mama yake. Tuliuliza ni nani kaandika na anamwambia nani. Swali lililotuchukua muda mrefu zaidi lilikuwa la mwisho: nani alistahili kuulizwa, naye hakuulizwa? Wazazi wawili walilalamika kwamba nawafundisha watoto ubishi. Niliwakaribisha Ijumaa iliyofuata. Mmoja alikuja na karatasi yake mwenyewe.

Nilipohamia Kaole nililiendeleza zoezi hilo. Siku moja tulisoma kijitabu cha wageni kilichosema kwamba Kaole ni mji uliohamwa zamani na kubaki magofu. Msichana mmoja wa darasa la nne alikitazama kwa muda, akauliza, "Mwalimu, sisi tunakaa wapi?" Wakaandika ukurasa wao juu ya Kaole, ukiwa na majina ya nyumba zao na ya mbuzi wawili. Magofu waliyatengea mstari mmoja.

Miaka ya mwisho nilikuwa hapa mjini, na uvumi ulikuwa umeingia kwenye simu. Ninyi mnaujua kuliko mimi. Asubuhi moja nilikuta nusu ya darasa haipo, kwa sababu usiku ujumbe ulikuwa umezunguka kwamba shule zote zimefungwa. Nilimuuliza Mwalimu Neema ujumbe huo umetoka wapi.

"Kwenye grupu la wazazi, Mwalimu."

"Grupu ni nani?"

"Jamani, Mwalimu! Grupu ni grupu. Wameandika 'nimeupokea kama ulivyo'."

"Basi aliyeuandika anatuambia yeye si mwandishi," nikasema. "Tuwafundishe watoto sentensi hiyo." Tulifanya hivyo wiki nzima. Neema alicheka siku ya kwanza. Kufikia Ijumaa alikuwa mkali kuliko mimi.

Sitawaambia kwamba nimeacha taifa la wasomi wadadisi, kwa kuwa sijawapima. Naweza kuwaambia nilichokiona. Mwaka jana nilikwenda Kiwangwa kumzika Mwalimu Kibwana. Baada ya maziko nilipita kwa Zuhura, ambaye sasa analima mananasi na watu humwita Mama Salim. Sikuweza kuonana naye mara moja. Barazani kwake walikuwa wamekaa watu watatu, kila mmoja ameshika karatasi: mkataba, wito, fomu ya hospitali. Pale kijijini wengi hawaweki dole gumba kabla yeye hajasoma. Niliketi kwenye benchi, wa nne katika foleni, nikamsikiliza kutoka ndani akimuuliza mzee mmoja, kwa upole ambao mimi sikuwa nao, "Babu, hapa wanasema umekubaliana. Ulikubaliana na nani?"

Nimestaafu sasa, nami nimekuwa nikikaa nyumbani nikipanga vitabu. Juzi ulikuja ujumbe kwenye simu yangu, kwa maandishi yaliyokamilika, kila mkato mahali pake:

"Shikamoo, Mwalimu. Huku wanasema kwamba tangu ustaafu upo ndani tu. Nimewauliza nani kasema, hawana jina. Nimeona nikuulize mwenyewe: ndani ya nini?"

Niliusoma mara mbili. Kwa mazoea mkono ulitafuta kalamu nyekundu, haukuona pa kuiweka. Nimemjibu kwamba nipo ndani ya barua ninayowaandikia walimu vijana, na sitaituma mahali popote kabla yeye hajaisoma.